Krismasi ya Vijana wa Jangwani: Kupanga ni Kuchagua

Ndugu msomaji, ukitoka Magomeni kuelekea mjini kwa Barabara ya Morogoro, utashuka katika bonde la Mto Msimbazi, mto uanzao katika vilima vya Pugu na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Ukishalivuka bonde hilo unapanda upande wa pili, na mara unaingia katika mitaa ya Jangwani na Kariakoo. Hapa ndipo lilipo soko lililojengwa kwa ramani ya msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1975. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho wenyeji walikitamka kwa namna iliyowafaa.

Katika mitaa hiyo wanaishi vijana wengi waliooana karibuni. Mmoja katoka Kilimanjaro, mwingine Ruvuma, mwingine Kagera, na wengine wamezaliwa hapa hapa mjini. Wengi wao ni Waislamu, na wengi vile vile ni Wakristo. Makala hii yawahusu hawa wa pili, yaani mume na mke Wakristo walio katika miaka ya mwanzo ya ndoa, wenye mtoto mmoja au wawili, ambao kila Desemba hukabiliwa na mtihani mmoja: wataisherehekeaje Krismasi bila ya kuiharibu Januari?

Wako waionao mtihani huu kuwa mdogo. Sivyo. Ndoa nyingi changa za mjini hupata ufa wake wa kwanza katika mwezi huu, na ufa huo aghalabu huanzia mfukoni.

CHUMBA KIMOJA, KAZI MBILI

Tuitazame kwanza hali yao ya kila siku. Wenzi hawa kwa kawaida hupanga chumba kimoja. Zamani chumba hicho kilikuwa katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na uani jiko na choo vya wote. Nyumba za namna hiyo bado zipo, ingawa Kariakoo nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa. Penye nyumba hizo mpangaji hujifunza mambo mengi: zamu ya kufagia uani, kugawana bili ya umeme na maji, na kunyamaza usiku mtoto wa jirani anapoumwa.

Mume, mathalani, ni msaidizi wa duka la vitambaa, au fundi cherehani barazani, au mchukuzi asukumaye mkokoteni tangu alfajiri. Mke ni mama lishe, au msusi, au ana meza yake ya vitenge na nguo za watoto. Wote wawili hutoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi limekwisha kuzama. Mshahara wa mwisho wa mwezi ni wa wachache kati yao. Wengi hupata riziki siku kwa siku, na riziki ya siku ina hatari ya kuonekana nyingi jioni na kumbe asubuhi haipo tena.

Sasa, ndugu msomaji, tafakari jambo moja ambalo mkazi wa mitaa mingine huenda hajalifikiri. Desemba ni msimu wa mauzo Kariakoo. Wateja huja kutoka kila pembe ya mji na hata mikoani kununua nguo, viatu na vyakula vya sikukuu. Kwa hiyo siku zile zile ambazo Mkristo anatakiwa kuuandaa moyo wake, yaani Jumapili nne za Majilio, ndizo siku ambazo biashara inamtaka zaidi. Jioni ya tarehe 24 kengele za kanisa zinaita, na wateja nao wamejaa mlangoni. Mume akiondoka, tajiri atanuna. Mke akifunga meza, mtaji wa mwezi mzima utalala bila kuuzwa.

Wenzi wenye busara hawalingojei jambo hili hadi tarehe 24. Huketi mapema wakagawana zamu: mmoja huenda mkesha na mwenzake akabaki kazini, kisha asubuhi ya tarehe 25 wote wawili, pamoja na mtoto, huenda ibadani wamevaa nguo safi. Wasioketi huishia kulaumiana, huyu akimwita mwenzake mpenda fedha, na yule akimwita huyu mvivu aliyejificha nyuma ya dini.

TUSALI WAPI?

Mtihani mwingine ni wa madhehebu. Mji huu huwakutanisha watu ambao vijijini wasingekutana. Kijana Mlutheri kutoka Machame humwoa binti Mkatoliki kutoka Mbinga. Wakati wa uchumba jambo hili huchekwa tu. Krismasi ya kwanza ikifika, swali linaulizwa kwa uzito: tutasali wapi? Na mtoto je, atabatizwa wapi?

Makanisa yote mawili yana mizizi mirefu mjini humu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na lile la Azania Front la Walutheri, yote mawili karibu na bandari, yalijengwa zama za utawala wa Wajerumani, karne ya 19 ikiishia na ya 20 ikianza. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilizaliwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba msingi wa kanisa uwe jumuiya ndogondogo za Kikristo, na katika mkutano wao wa 1976 waliliweka jambo hilo mbele ya mengine.

Uamuzi huo si habari ya vitabuni tu. Kwa kijana aliyehamia mjini, jumuiya ndiyo ukoo wake wa pili. Huzunguka nyumba kwa nyumba kusali, hujua nani mgonjwa, nani amejifungua, nani amefiwa. Msiba ukitokea, jumuiya ndiyo huanza kukusanya rambirambi kabla ndugu wa bara hawajapata nauli. Wenzi ambao hukumbuka jumuiya siku ya shida tu hujinyima jambo kubwa, kwani mtu hawezi kuvuna katika shamba asilolilima.

Kuhusu madhehebu, ushauri wa wazee wengi wa kanisa ni mmoja: swali hilo liulizwe kabla ya ndoa, mbele ya mchungaji na padre, wala si usiku wa mkesha. Na wako pia vijana wengi waishio pamoja bila ya kufunga ndoa kanisani, si kwa kuidharau ndoa, bali kwa kuogopa gharama za harusi, kamati, michango na ukumbi. Hawa na waelewe kwamba ukumbi si sehemu ya sakramenti. Ndoa inaweza kufungwa katika ibada ya kawaida, mbele ya mashahidi wawili, na watu wakarudi nyumbani kunywa chai.

MFANO WA VIJANA WAWILI

Wako watu wadhanio kwamba ndoa ya Kikristo yenye maisha ya kujinyima ni jambo la watakatifu wa kale. Hebu tuutazame mfano wa karibu. Januari 24, 1953, mwalimu mmoja kijana ambaye hajatimiza miaka 31 alimwoa binti mwalimu wa miaka 22. Walikuwa Julius Nyerere na Maria Gabriel. Bwana huyo alikuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kule kule uanziako Mto Msimbazi. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilizaliwa Kariakoo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu, na pamoja nao mshahara wa uhakika, huku mkewe akiwa na watoto wachanga.

Baadaye familia hiyo iliishi Magomeni, ng'ambo tu ya bonde la Jangwani, na nyumba yao sasa ni makumbusho. Mwalimu alikuwa mtu wa kusali maisha yake yote, na tangu mwaka 2005 Kanisa Katoliki humwita Mtumishi wa Mungu. Lakini tuangalie jambo moja zaidi. Uamuzi wa 1955 haukuwa wa mume peke yake, kwani kupungua kwa mshahara huonekana kwanza jikoni. Bila ya mke kukubali, uamuzi ule usingedumu.

Mwaka 1969, akizungumza na mkutano wa TANU juu ya Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu aliipa hotuba yake jina la Kupanga ni Kuchagua. Alikuwa akizungumzia uchumi wa taifa. Maneno hayo yanafaa vile vile katika chumba kimoja cha Jangwani.

HESABU YA DESEMBA

Tufanye hesabu, kwa mfano tu, na kila msomaji abadilishe tarakimu kufuatana na hali yake. Tuseme wenzi wetu, kwa mauzo ya msimu na mgawo wa kikoba cha mke, wana shilingi 600,000 katikati ya Desemba. Fedha hizo zikiwekwa mezani zinatia kiburi. Lakini kodi ya chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo Januari. Hiyo ni 360,000. Zinabaki 240,000.

Shule za Serikali zilifutiwa ada kuanzia Januari 2016, awali hadi kidato cha nne, nalo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mtoto aanzaye darasa la kwanza Januari atahitaji sare, viatu, begi na madaftari. Tuseme 70,000. Zinabaki 170,000. Hizi ndizo fedha halisi za Krismasi. Zile 600,000 hazikuwa zao, zilikuwa zikipita tu.

Katika hizo 170,000, sadaka na mchango wa jumuiya ziwe 20,000. Wazazi bara wapelekewe 50,000. Chakula cha sikukuu, pamoja na mchele, nyama, viungo na soda, 50,000. Nguo ya mtoto 20,000. Na 30,000 zibaki akiba. Utaona kwamba nguo mpya za baba na mama hazimo. Si dhambi kuzikosa. Kanga iliyofuliwa na shati lililopigwa pasi vizuri vinatosha mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Je, akiba hiyo ya 30,000 ina maana gani? Walioko Kariakoo wanajua. Julai 10, 2021 moto uliteketeza soko kuu. Januari 2022 soko la mitumba la Karume nalo likaungua. Novemba 16, 2024, msimu wa sikukuu ukikaribia, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha na wafanyabiashara wakapoteza mali. Mtu aliyekuwa na mtaji asubuhi hakuwa nao jioni. Akiba ndogo haiwezi kurudisha duka, lakini yaweza kulisha familia kwa wiki moja mtu akiwa anajiuliza aanzie wapi.

Asiyepanga hukimbilia mkopo. Mitaani iko mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Hutolewa haraka, bila ya maswali mengi, na hurejeshwa kila siku au kila wiki kwa riba kubwa, kitanda na televisheni vikiwa dhamana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza leseni, uliza riba kwa mwezi, na umwonyeshe mwenzio karatasi ile. Mkopo uliochukuliwa kwa siri na mmoja hulipwa kwa machozi na wote wawili.

SAFARI YA BARA

Hapa ndipo ugomvi mkubwa huzuka. Kwa watu wa Kilimanjaro hasa, kwenda nyumbani Krismasi ni kama agizo. Mabasi hujaa, kituo cha Magufuli kule Mbezi hufurika, na bara wazazi wanangoja kuwaona wajukuu. Kuna mbege, kuna mbuzi, kuna makaburi ya kusafisha na mashauri ya ukoo ya kusuluhisha. Hayo yote ni mema, na mtu asiyejua kwao ni mtumwa.

Lakini nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili na mtoto, pamoja na zawadi, itazimeza zile 170,000 na kuanza kuitafuna kodi. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, na anayetozwa zaidi ana haki ya kulalamika. Hata hivyo nauli halali nayo ni fedha. Vijana wengine wamepata njia ya kati: kwenda kwa zamu, mwaka huu upande wa mume, mwaka ujao upande wa mke, na mwaka wa tatu kubaki mjini. Wengine huenda Juni, wakati nafasi katika basi ni nyingi na wazazi wana muda wa kuzungumza. Jambo la lazima ni kuwaambia wazazi mapema na kwa adabu: "Mama, mwaka huu hatutafika, lakini tutatuma kidogo, na tutakuja likizo ya katikati ya mwaka." Mzazi aambiwaye ukweli Novemba hatanuna kama yule angojaye barabarani tarehe 24.

Na mume asisahau kwamba mke naye ana wazazi. Ndoa ambayo kila mwaka fedha huelekea ukoo mmoja tu, upande wa pili hukaa kimya hadi siku utakaposema yote kwa pamoja.

MVUA YA 2011

Wenye umri wa kukumbuka hawajaisahau Krismasi ya 2011. Desemba 20 mwaka huo mvua ilianza kunyesha juu ya Dar es Salaam na kuendelea kwa siku tatu, mvua ambayo wataalamu wa hali ya hewa walisema haikupata kuonekana mfano wake tangu 1954. Msimbazi ulifurika. Jangwani na mabonde mengine yakawa bahari. Makumi ya watu walipoteza maisha, na maelfu walipoteza vyote walivyokuwa navyo: magodoro, vyeti, sare za shule, na vile vitenge vilivyonunuliwa kwa ajili ya sikukuu. Familia nyingi ziliipata Krismasi zikiwa zimehifadhiwa katika majengo ya shule. Baadaye Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji, na mbali vile vile na soko lililokuwa likiwapa riziki.

Umbali huo ndio unaoeleza kwa nini watu hawakulikimbia bonde siku ile ile. Chumba cha bondeni kilikuwa na kodi nafuu, na mtu aliweza kufika kazini kwa miguu. Mafuriko yaliendelea kurudi katika miaka iliyofuata. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, na baada ya hapo wakazi wa bondeni walianza kulipwa fidia na nyumba kuvunjwa ili kupisha kazi.

Kijana anayetafuta chumba na alikumbuke somo hilo. Mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, na za masika Machi hadi Mei. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, tazama ukutani kama kuna alama ya maji. Waulize majirani, wala usimwulize dalali. Vyeti vya ndoa, vya ubatizo na vya kuzaliwa viwekwe katika mfuko wa nailoni, mahali pa juu, ambapo mkono utafika gizani.

Na Mkristo atakumbuka kwamba habari yenyewe ya Krismasi ni ya mume na mke vijana walioukuta mji umejaa, wakakosa chumba, na mtoto akazaliwa mahali pa mifugo. Mpangaji wa Jangwani haihitaji habari hiyo ifafanuliwe sana.

MEZA MOJA NA MAJIRANI

Tumalizie kwa jambo ambalo mitaa hii inaweza kuifundisha dunia. Uani hakuna Krismasi ya Wakristo peke yao. Siku ya tarehe 25 kuku au mbuzi wa Mkristo huchinjwa na jirani Mwislamu, ili pilau likiiva kila mtu aweze kula bila ya wasiwasi. Sahani hufunikwa kwa kawa na kupelekwa chumba hadi chumba. Siku ya Idd sahani hizo hizo hurudi, zimejaa. Watoto hawaulizi ni sikukuu ya nani. Huuliza tu kama kuna nyama.

Desturi hii si ya kuchukuliwa kirahisi. Imelindwa na watu wa kawaida, aghalabu akina mama, kwa kukopeshana chumvi na kubebeana watoto. Wenzi waliohamia karibuni na waitunze. Bibi mwenye nyumba apelekewe sahani ya kwanza, na shikamoo isikosekane. Mjane wa chumba cha mwisho asisahauliwe. Pilau la 50,000 likigawanywa vizuri huzaa ujirani ambao mwaka mzima hauuzwi sokoni.

Basi, ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wa vijana hawa, chagueni jioni moja kabla ya Desemba 15. Mtoto akishalala, zimeni redio na simu, wekeni mezani fedha zote, za mume na za mke, na mwandike: kodi, shule, sadaka, wazazi, chakula, akiba. Mkubaliane zamu ya mkesha na ya dukani. Kisha salini pamoja, hata kwa dakika tano. Mkifanya hivyo, Januari mwenye nyumba akibisha hodi mtamkaribisha ndani kwa sauti ya kawaida, na mtoto ataenda shule amevaa sare yake.